Jumatano twende kwa Wahabeshi: namna ya kula sinia moja na wenzako

Kila nikimwambia mtu kazini twende tukale kwa Wahabeshi, yaani watu wa Ethiopia, huniuliza kwanza: "Kijiko kipo?" Kijiko kipo, ukikiomba utaletewa. Lakini nimeshawapeleka wengi katika ile hoteli iliyo nyuma ya duka letu la dawa hapa Hurlingham, Nairobi, na sijamwona hata mmoja aliyeendelea kushika kijiko baada ya dakika kumi. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kwenda, na zaidi kwa yule aliyekwenda mara moja, akaagiza visivyo, akatoka akisema chakula ni kichachu na hakishibishi.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale. Nimelelewa kwenye sinia: watoto sita mkekani, pilau katikati, nyanya amekaa kando anatutazama mikono. Mkono ukivuka kwenda upande wa mwenzio, ulisikia jina lako. Nilipohamia Nairobi mwaka 2016 kilichonishinda si baridi, ni kula peke yangu. Kila mtu na sahani yake, kila mtu na simu yake. Siku niliyoingia hoteli ile nikaona watu wazima wanne wamelizunguka sinia moja, mikono inapishana katikati, moyo wangu ulitulia, na sikujua hata jina la chakula kimoja kilichokuwa pale.

Jina lenyewe, Habesha, nilikuwa nalijua tangu utotoni. Madrasa tulifundishwa hijra ya kwanza, jinsi Waislamu wa mwanzo walivyokimbilia Uhabeshi mwaka 615 na mfalme Najashi akakataa kuwarudisha kwa Makureshi. Kwangu Uhabeshi ulikuwa nchi ya kitabuni. Kumbe wenyewe wapo, wengi wao bado wanajiita hivyo, na wako jirani na mimi.

Kwanza chagua siku

Ukisahau mengine yote, shika hili: nenda Jumatano au Ijumaa.

Waumini wa Kanisa la Orthodox la Tewahedo la Ethiopia hufunga siku hizo mbili. Mfungo wao hauna nyama, maziwa, siagi wala mayai, na wengi hawali kitu mpaka mchana umeenda. Juu ya hizo wana Kwaresima ya siku 55 kabla ya Pasaka, na mifungo mingine kadhaa, hata ukizijumlisha siku zote zinakaribia nusu ya mwaka. Watu wanaopika bila nyama nusu ya mwaka, tena kwa karne nyingi, hawawezi kukupa mboga za kubahatisha. Jumatano utakuta aina saba nane zimepikwa asubuhi ileile. Siku nyingine unaweza kuambiwa zipo mbili tatu tu. Angalia jambo moja: kwa siku 50 baada ya Pasaka yao, Jumatano na Ijumaa hazifungwi, kwa hiyo kipindi hicho uliza kwanza.

Sababu yangu ya kung'ang'ania siku hizo si ladha peke yake. Kazini tuko watano tunaokula pamoja. Mimi ni Mwislamu. Wawili ni Wakristo. Mmoja ni Mhindi ambaye kwao nyama haijawahi kuingia jikoni. Wa tano ni kijana ambaye maziwa yanamsumbua tumbo. Nyama choma inatutenga, pizza inatutenga, hata chai inatutenga. Huko Ethiopia penyewe, kwa desturi Mwislamu hula nyama iliyochinjwa na Mwislamu na Mkristo hula iliyochinjwa na Mkristo, kila upande na bucha lake. Lakini sinia la mfungo halina nyama, halina samli, halina yai. Chakula alichopikiwa mtu anayetimiza mfungo wake ndicho kinachoniruhusu mimi, ambaye si wa dini yake, nikae naye sinia moja bila kuuliza swali lolote. Sijui chombo kingine Nairobi kinachotukusanya sote watano namna hiyo.

Piga simu mapema kama mko zaidi ya watatu. Saa hazitakuchanganya, kwa maana Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Saa moja yao ya asubuhi ndiyo saa moja yetu, na hata neno lao, saat, ni ndugu wa neno letu. Mama mwenye hoteli akikwambia njooni saa saba, ni saa saba hiyohiyo.

Kuagiza

Utakachosema ni "yetsom beyaynetu". Litamke polepole: ye-tsom be-yay-ne-tu. Tsom ni mfungo, na ukilisikiliza vizuri utaisikia saumu ndani yake. Beyaynetu maana yake ni mchanganyiko, kila aina kidogokidogo. Ukilitamka vibaya wataelewa, wala hawatakucheka.

Msiagize sahani moja moja. Hapo ndipo wengi hukosea: watu wanne wanaletewa sahani nne, kila mmoja anainamia yake, na safari yote inakuwa bure. Agizeni sinia moja. Sisi watano huagiza la watu wanne, tukaongeza shiro moja ya chungu, mchuzi mzito wa unga wa dengu. Injera, ule mkate mpana mlaini unaotandazwa chini ya chakula chote, hujaa tumboni taratibu. Unaweza kuona hujashiba, ukasimama, ndipo ukajua umeshiba. Zikipungua, zipo nyingine zimekunjwa kama leso kwenye kikapu pembeni, unaomba tu.

Injera yenyewe ndiyo sahani, ndiyo kijiko, ndiyo wali. Hutengenezwa kwa tefu, nafaka ndogo sana, punje yake ni ndogo hata kuliko ya ulezi. Unga huchanganywa na maji, ukawekwa siku mbili tatu uchachuke, halafu humiminwa kwenye kikaango kipana, ukafunikwa, ukaiva upande mmoja tu bila kugeuzwa. Upande wa juu hutoka na matundu mengi kama ya kibibi cha kwetu. Wao wanayaita macho. Injera ikiwa na macho machache ujue haikuchachuka sawasawa. Uchachu wake ni ule wa uji uliolazwa. Ukiwa umezoea uji mchachu, hili halikupi tabu. Ukila injera kavu peke yake utasema ni chachu mno, na utakuwa sahihi. Haikuumbwa iliwe peke yake.

Sasa neno la mtu wa duka la dawa. Tefu haina gluteni ile iliyo katika ngano, na wasioweza kula ngano huifurahia sana wakisikia hivyo. Ila hoteli nyingi nje ya Ethiopia huchanganya tefu na ngano, shayiri au mchele ili kupunguza gharama. Usikisie kwa rangi, kwa sababu ipo tefu nyeupe na ipo nyekundu. Uliza wazi: hii ni tefu tupu? Mama wa hapa kwetu hunijibu bila kuzunguka, na kwa mgonjwa mmoja aliyenifuata nimpe ushauri alimpikia za tefu tupu baada ya kuambiwa siku tatu kabla. Siku tatu, kwa sababu ya kule kuchachuka.

Mwenye vidonda vya tumbo naye aje, lakini aanzie kwenye vyakula vya manjano. Kwenye sinia, rangi inakusomea kila kitu. Chekundu kina berbere. Cha manjano ni alicha, kina bizari na hakina pilipili kali. Cha kijani ni gomen, majani yanayofanana na sukuma wiki yetu, yamepikwa na kitunguu saumu mpaka yamelainika.

Berbere siyo pilipili tu. Ni pilipili nyekundu kavu iliyosagwa pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, uwatu, iliki, habasoda na vingine ambavyo kila nyumba ina vipimo vyake. Nilimwomba mama anionyeshe anavyopika misir wot, mchuzi wa adesi nyekundu, ambazo hapa Nairobi wengi wanaziita kamande. Akaniita jikoni. Palikuwa na sufuria kubwa, ndani yake vitunguu maji vilivyokatwa vidogo sana, na hapakuwa na tone la mafuta. Kwetu pwani mafuta hutangulia, kitunguu hufuata. Yeye alikuwa anavikoroga vikavu juu ya moto mdogo, akitia maji kijiko kimoja kila vikitaka kushika chini. Vilipungua, vikalegea, vikawa kama uji wa kahawia. Hapo ndipo akatia mafuta, kisha berbere, na harufu ikanikamata kooni nikakohoa. Adesi ziliingia mwisho kabisa. Tangu siku hiyo, misir wot ikifika mezani, natazama ule uzito wake nikijua ni kitunguu, si unga.

Shiro ya chungu inahitaji onyo. Ni unga wa dengu uliokolezwa viungo, na inafika mezani bado inatokota, mapovu yanapanda na kupasuka. Subirini. Mwagieni kidogo katikati ya injera, ipoe, ndipo mchovye. Kijana wetu wa maziwa hakusubiri, na ulimi wake ulimkumbusha hadi Ijumaa.

Mkono

Kabla ya kula mtaletewa birika na beseni, au mtaelekezwa kwenye sinki. Nawa mikono yote, hata kama utakula kwa mmoja. Mkubwa wa umri aanze.

Mnaokula pwani tayari mnajua nusu ya kazi: mkono wa kulia, na kula mbele yako. Nusu iliyobaki ni hii. Kwetu tunamega tonge la wali kwa vidole; hapa vidole havigusi mchuzi kabisa. Anzia ukingoni mwa injera, au chukua iliyokunjwa. Ibane kwa vidole viwili vya mwisho na kiganja, halafu chana kwa kidole gumba na cha shahada, kipande cha upana wa vidole vitatu. Kiweke juu ya chakula, upande wenye macho ukitazama chini, maana matundu ndiyo yanayonyonya mchuzi. Funga vidole vitatu, bana, inua. Kipande kikirudi mkononi kiwe kimekifunika chakula kama mto umefunikwa foronya. Peleka mdomoni bila kulamba vidole. Kulamba vidole, kisha kurudisha mkono siniani, ndicho kitu pekee nilichoona kikimfanya mama anyamaze.

Kwa mkono mmoja itakuwa ngumu mara tano za kwanza. Mkono wa kushoto utataka kusaidia, ushikishe glasi. Mwenzetu mmoja alichana kipande kikubwa kama kitambaa cha kichwa, akakifunga, na fungu zima la kabichi na karoti likaondoka nalo. Hakuna aliyesema kitu. Mama alipita, akaona pengo, akaenda kuongeza. Vipande vidogo ndiyo adabu, na pia ndiyo njia ya kuonja vyote kabla hujashiba.

Kitu kizuri kikiwa mbele yako na mwenzako hakifikii, kisukume kwake kwa kipande cha injera. Mgeni husukumiwa vilivyo bora. Ukiona fungu la mbele yako linakua badala ya kupungua, ujue wewe ndiye mgeni wa siku.

Mtu akiingia akawakuta mnakula, mwambieni "enibla", yaani tule. Hilo huhitaji kufundishwa, ni karibu yetu ileile.

Gursha

Itafika wakati mtu atakunja tonge zuri ndani ya injera na kulileta mdomoni mwako. Hiyo ndiyo gursha. Usilipokee kwa mkono. Inama kidogo, fungua mdomo, kubali. Huwa kubwa kuliko tonge ambalo ungejikunjia mwenyewe, na ukubwa huo ni wa makusudi. Moja haitoshi, tegemea nyingine, kisha nawe umlishe aliyekulisha.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimekaa peke yangu meza ya pembeni, wiki ya kwanza kabisa. Mama alipita na sinia la watu wengine, akasimama, akaenda jikoni, akarudi na tonge la gomen na adesi. Hakuniuliza. Mtu wa mwisho kunilisha kwa mkono wake alikuwa nyanya, nina homa, sijafika hata miaka saba. Nilitafuna polepole nikitazama ukutani ili asinione macho.

Kwa wenzangu Waislamu ambao hawatapenda kulishwa na asiye maharimu: weka mkono wa kulia kifuani, tabasamu, sema "ameseginalehu", asante. Wanaelewa mara moja, kwa sababu kwao pia Waislamu ni wengi. Kisha mlishe dada au rafiki yako aliye kando, gursha isiishie kwako.

Siku zisizo za mfungo

Hapa nitapita haraka, si eneo langu. Ulizia uchinjaji kwanza kama linakuhusu. Doro wot, kuku wa berbere na mayai ya kuchemsha, ndiyo chakula cha sikukuu na huchukua muda mrefu kupikwa, usimharakishe mpishi. Tibs ni nyama ya kukaangwa, rahisi kwa anayeanza. Kitfo ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikachanganywa na samli ya viungo na pilipili, na usiposema neno itakuja mbichi. Ukiitaka ya kupashwa moto tu, sema "lebleb". Ukiitaka iliyoiva, sema "yebesele". Mimi kwa kazi yangu huwashauri wajawazito na wenye kinga dhaifu wachague hiyo ya mwisho.

Tej ni pombe ya asali, msidanganyike na rangi yake ya juisi. Asiyekunywa pombe aulizie birz, maji ya asali ambayo hayajachachushwa.

Kahawa

Iagizeni mapema, pamoja na chakula. Ukingoja mpaka umalize kula, mtakaa saa nzima na mabosi wanapiga simu.

Dada atakuja na kicha cha majani mabichi ya kutandaza sakafuni, ubani kwenye chetezo cha makaa, na buni mbichi. Ataziosha, atazikaanga mbele yenu, kisha atapitisha kikaango kwa kila mmoja. Vuta moshi ule kwa kiganja kuelekea usoni. Ndiyo heshima yake, na yeye anasubiri akuone. Buni hupondwa, hupikwa kwenye jebena, chungu cha udongo chenye shingo nyembamba, ndugu wa dele letu la shaba. Humiminwa kutoka juu, mfululizo, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono wanavyoviita sini. Pembeni kuna bisi badala ya kashata.

Duru ni tatu, kwa buni zilezile: abol, tona, na ya tatu inaitwa baraka. Neno ni hilohilo letu na maana ni hiyohiyo. Kahawa inazidi kuwa nyepesi na mazungumzo yanazidi kuwa mazito. Ni kwenye duru ya tatu ndipo mwenzetu mmoja alipotuambia mama yake amelazwa. Tulikuwa tumefanya naye kazi wiki tatu bila kujua. Msiondoke kabla ya baraka. Mwenye haraka asiagize kahawa, aje siku nyingine.

Kulipa, na kitakachobaki

Aliyealika hulipa. Kwetu tunapokezana, kila Jumatano mmoja wetu anatuma pesa kwa simu kwenye till, namba ya malipo ya hoteli, na zamu inazunguka. Msijaribu kugawa bili kwa alichokula kila mmoja. Kwenye sinia moja hakuna anayejua, na ni vizuri asijue.

Injera ya chini, ile iliyobeba mafungu yote, msiiache. Imenyonya kila mchuzi na ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Ichaneni kutoka ukingoni kuingia ndani mpaka chuma kionekane. Hiyo haibebwi, malizeni palepale.

Zile zilizokunjwa ambazo hazikuguswa ndizo za kubeba. Zifungeni kwenye kitambaa safi ndani ya bakuli lenye kifuniko, zisikauke. Asubuhi kaanga kitunguu na nyanya, tia kijiko cha berbere (mama atakuuzia kidogo kwenye karatasi ukimwomba) na maji nusu kikombe, acha vichemke. Chana injera vipande vidogo, tumbukiza, geuza mara mbili, epua kabla hazijavurugika. Wanaita firfir. Weka sufuria mezani kama ilivyo, na uite walio nyumbani wanawe mikono.